Mfumo wa mauzo ya mgahawa ujaribiwe saa saba mchana

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wenye migahawa wa Dar es Salaam, hasa wanaojiandaa kuacha daftari na kununua mfumo wa mauzo wa kompyuta. Kazi yetu ni kufunga mifumo hiyo na kuitunza. Fedha nyingi zinapotea kwa sababu moja: mnunuzi anachagua kwa kutazama skrini. Muuzaji anakuja na tableti inayong'aa, anagusa picha ya pilau, bili inatoka, wanapeana mikono. Hakuna aliyeuliza umeme ukikatika itakuwaje, wala nani anaruhusiwa kufuta oda.

Rai yetu ni kwamba kabla ya kulipa fedha yote, mfumo ufungwe mgahawani kwako walau wiki moja na ujaribiwe saa saba mchana, foleni ikiwa mlangoni. Kama una baa na nyama choma Sinza au Tabata, basi ujaribiwe Jumamosi usiku.

Jaribio la kwanza ni la intaneti. Usizime ruta. Chomoa tu waya au laini inayoleta intaneti, ruta yenyewe iendelee kuwaka. Mhudumu mmoja afungue meza namba 7 na kuagiza ugali samaki kwenye tableti yake. Mhudumu wa pili, kwa tableti nyingine, aifungue meza hiyohiyo na kuongeza soda mbili. Kisha keshia atoe bili. Ikitoka bili moja yenye vitu vyote, mfumo una kompyuta yake ya ndani inayoshika kumbukumbu. Ikiwa keshia haioni meza 7 kabisa, ujue kila tableti inajitunzia oda zake na kusubiri intaneti irudi. Wauzaji wengi husema mfumo wao unafanya kazi bila intaneti na hawadanganyi, ila maana yao ni tableti moja kwa mtu mmoja. Kwa kibanda cha juisi hiyo inatosha. Kwa mgahawa wa meza 20 ni vurugu.

Jaribio la pili ni la umeme, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndipo penye hitilafu tunayoitiwa mara nyingi kuliko zote. Zima swichi kuu, subiri dakika tano, washa tena. Skrini itarudi, tableti zitarudi, kila kitu kitaonekana kizima. Mhudumu anatuma oda, tableti inasema imetumwa, lakini jikoni hakijatoka kitu. Mteja anasubiri dakika arobaini, mpishi anaapa hajaona oda, mhudumu anaapa ametuma, na wote wawili wanasema kweli. Kilichotokea ni kwamba ruta ilipowaka upya iligawa upya anwani, yaani namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao, printa ya jikoni ikapewa nyingine, na mfumo bado unatuma kwenye ile ya zamani. Dawa yake haigharimu hata shilingi. Printa ipewe anwani ya kudumu, kwa mfano 192.168.1.200, iliyo nje ya zile ambazo ruta inazigawa yenyewe, kisha iandikwe kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi ngumu na kubandikwa ubavuni mwa printa. Fundi asiyefanya hivyo siku ya kufunga mfumo hajamaliza kazi, msilipe salio lake.

Printa hiyo ya jikoni isitumie waifai. Vutia waya wa mtandao. Waya mmoja unafika hadi mita 100, na jiko gani la Dar liko mbali hivyo? Waifai ya wateja nayo itenganishwe na ya mauzo, la sivyo meza moja ikianza kutazama mpira kwenye simu, oda zako zinachechemea.

Karatasi nayo ina mambo yake. Printa za kaunta hutumia karatasi inayoandikwa kwa joto, upana wa milimita 80 au 58. Haina wino, kwa hiyo ni rahisi kuitunza, lakini ukiiweka karibu na jiko la mkaa au kikaango cha chipsi inaweza kuwa nyeusi yote kabla mpishi hajaisoma, na ikidondokewa mafuta maandishi yanafifia. Jikoni weka printa ya pini yenye utepe wa wino. Ni ya polepole na ina kelele, na kelele hiyo ndiyo unayoitaka, maana mpishi anaisikia hata feni zikiwa zinavuma. Ukikosa hiyo, iweke ile ya joto mbali na moto, kwenye dirisha la kupokelea sahani.

Kwa upande wa UPS, yaani kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, ya ukubwa wa VA 650 hubeba kompyuta ndogo moja, ruta na printa moja kwa takriban dakika kumi hadi ishirini, muda wa kutosha kuwasha jenereta. Friji ya soda usiichomeke hapo. Betri ya UPS huchoka haraka kwa joto la jiji letu, kwa hiyo ijaribu kila mwezi kwa kuchomoa plagi.

Sasa tuje kwenye wizi, jambo ambalo watu huona haya kulitaja mbele ya wahudumu wao. Njia iliyozoeleka ni ya bili moja kulipwa mara mbili. Meza 4 wamekula chipsi kuku na soda, bili imechapwa, wamelipa taslimu. Meza 9 wameagiza vilevile. Mhudumu haingizi oda ya meza 9. Anamwambia mpishi kwa mdomo, kisha anawapelekea bili ileile, na fedha inaingia mfukoni. Njia ya pili ni kufuta: mteja akishalipa, mhudumu anaondoa kuku kwenye oda na kuacha soda. Mfumo mzuri huziba yote mawili. Bili ikichapwa mara ya pili lazima iandikwe NAKALA kwa herufi kubwa. Kitu kilichokwisha kutumwa jikoni kisifutike bila namba ya siri ya msimamizi na sababu, na printa ya jikoni itoe karatasi inayosema KIMEFUTWA. Lakini mashine peke yake haitoshi. Mpishi asitoe sahani bila karatasi, hata akiombwa na mwenye mgahawa mwenyewe. Kama utaratibu huo hamuuwezi, msinunue mfumo.

Halafu kuna TRA, Mamlaka ya Mapato. Mashine za EFD, zile za kutoa risiti za kodi, zilianza kutumika nchini mwaka 2010, lakini mpaka leo wapo wanaodhani bili ya mfumo wa mauzo ni risiti. Siyo. Risiti halali ni ile ya EFD, au ya mfumo uliounganishwa na TRA kwa njia inayokubalika. Kwa hiyo muulize muuzaji moja kwa moja: mfumo wako unatoa risiti ya kodi wenyewe, au keshia ataandika mauzo mara mbili, kwenye skrini na kwenye EFD? Akijibu kuwa hilo litakuja baadaye, mchukulie kuwa halipo. Keshia anayeandika mara mbili saa saba mchana ataruka mauzo kadhaa, na jioni ripoti ya Z ya EFD, yaani jumla ya mauzo ya siku, haitalingana na ripoti ya mfumo. Mkaguzi akizikuta mbili zinazopishana, wa kujieleza ni wewe.

Kama umesajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kagua hesabu kwa mkono wako. Bei za menyu kwa kawaida zina kodi ndani yake. Sahani ya shilingi 10,000 kwa kiwango cha asilimia 18 ina kodi ya shilingi 1,525, yaani 10,000 mara 18, gawanya kwa 118. Mfumo uliopangwa vibaya huandika 1,800, au humdai mteja 11,800 kwa chakula ambacho menyu inasema 10,000. Jaribu sahani moja tu, utajua. Na kiwango hicho uweze kukibadilisha wewe mwenyewe kwenye mipangilio, bila kumlipa fundi nauli.

Malipo ya simu yatengwe na taslimu. Siku hizi wateja wengi hulipa kwa Lipa Namba, na ujumbe ulioonyeshwa kwenye simu ya mteja si ushahidi, maana unaweza kutengenezwa. Keshia athibitishe kwenye simu ya biashara, kisha aingize namba ya muamala kwenye mfumo. Mfumo usiokuwa na nafasi ya kuiandika namba hiyo uachwe. Wakati wa kufunga zamu, keshia ahesabu droo kwanza, aandike, ndipo mfumo uonyeshe kiasi kinachotakiwa. Chenji ya kuanzia 50,000, mauzo ya taslimu 412,000, toa mkaa na ndimu 38,000, droo inatakiwa iwe na 424,000. Akionyeshwa namba hiyo kabla ya kuhesabu, kila siku droo italingana, na ziada hutaiona kamwe.

Hesabu ya stoo huharibika siku ya kupanga menyu kwenye mfumo. Kuku robo, kuku nusu, kuku mzima na chipsi kuku vikiandikwa kama bidhaa nne zisizohusiana, mfumo hauwezi kukwambia umeuza kuku wangapi. Vyote vivute kwenye kuku mmoja: 0.25, 0.5, 1. Chipsi mayai ivute mayai mawili, na trei ya 30 itoe sahani 15. Pombe kali ya mililita 750 kwa toti ya 30 inatoa toti 25. Ukiona 21 zimeuzwa na chupa ni tupu, una pa kuanzia kuuliza. Lakini usianze na viungo vyote. Chumvi, vitunguu na pilipili viache. Anza na nyama, kuku, samaki, mafuta na vinywaji, vingine vitafuata.

Kwa bei, jumlisha miaka mitatu. Ada ya 60,000 kwa mwezi inafika 2,160,000, na huenda ikazidi ile ya kununua mara moja. Mkataba uandike kuwa kumbukumbu za mauzo ni mali yako, unaweza kuzitoa kwa Excel wakati wowote, na namba ya siri ya msimamizi mkuu unayo wewe. Uandike pia fundi atafika ndani ya saa ngapi usiku wa wikendi, na kama ana printa ya akiba ya kukuazima.

Mwenye meza nne na mpishi mmoja hahitaji haya. Kitabu cha oda chenye namba na nakala ya kaboni, moja jikoni na moja kwa keshia, kinamtosha, mradi kila jioni namba zihesabiwe na iliyokosekana itafutwe kabla ya watu kuondoka.

Mafundi wa mifumo ya mauzo,
Kariakoo, Dar es Salaam