Barua kwa mpwa wangu apendaye ndege za vita

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Uliniandikia kwamba kikosi cha anga kikishaacha kupigana, hakina tena historia ya kusimulia. Hapo nakukatalia, na shahidi wangu ni Kikosi namba 202 cha Uingereza.

Kilianzishwa Oktoba 1914 chini ya Jeshi la Majini, kikapata namba hiyo Aprili 1918 Jeshi la Anga lilipoundwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kilikuwa Gibraltar na ndege zinazotua majini, kikilinda mlango wa Mediterania. Mei 1942 ndege yake moja ya aina ya Catalina ilishirikiana na manowari kuizamisha nyambizi ya Ujerumani, U-74. Hizo ndizo habari uzipendazo.

Sasa nisikilize. Mwaka 1946, kikiwa Aldergrove, Ireland ya Kaskazini, kilipewa ndege za Halifax. Ndege za aina hiyo ndizo zilizokuwa zikimwaga mabomu usiku juu ya Ujerumani. Sasa zilibeba vipimajoto. Marubani walielekea Atlantiki, mamia ya kilomita kutoka nchi kavu, wakishuka hadi karibu na mawimbi na kupanda tena, huku mtaalamu akisoma joto, unyevu na kanieneo, na namba zikirushwa kwa redio. Setilaiti za hali ya hewa hazikuwapo bado, na bahari ni kubwa. Bila safari hizo, watabiri wangekisia tu kinachokuja kutoka magharibi. Dhoruba iliyowazuia wengine kuruka, hawa walitumwa kwenda kuipima! Walifanya hivyo hadi 1964, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakiwa na ndege za Hastings. Kwangu mimi, hiyo ndiyo miaka bora ya kikosi hiki kuliko hata ya nyambizi.

Mwaka huohuo kikaingia kwenye uokoaji kwa helikopta. Utakuwa umeziona picha za Sea King za manjano: watu wanne ndani, mmoja akiteremshwa kwa waya hadi kwenye sitaha inayoyumba. Mchana walitakiwa wawe angani ndani ya dakika 15, usiku 45. Julai 1988, mtambo wa mafuta wa Piper Alpha ulipolipuka Bahari ya Kaskazini na kuua watu 167, walikuwa miongoni mwa waliokwenda.

Mwaka 2015 uokoaji ukakabidhiwa kampuni ya kiraia, na kikosi kikavunjwa. Mwaka uliofuata namba 202 ikafufuliwa katika kituo cha anga cha Valley, huko Wales, na sasa kikosi kinafundisha marubani wa helikopta.

Kama bado unaona hiyo si historia, niandikie unieleze sababu.

Mjomba wako