Watoto wetu wa Mbagala wanahitaji pa kuchezea

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Huku kwetu Mbagala wengi tunaishi nyumba za kupanga. Uani kumejaa kamba za nguo na majiko ya mkaa, ukitoka nje ni bodaboda. Mwanangu wa miaka miwili na nusu alikuwa akishinda mbele ya televisheni hadi akaanza kuogopa watoto wenzake. Iliniuma sana.

Mwezi uliopita kina mama watano tukaanza kuwakutanisha watoto wetu wacheze pamoja, chini ya mwembe wa jirani, kila Jumamosi saa tatu asubuhi. Tuna mkeka mmoja, beseni la mchanga, makopo matupu na vifuniko vya chupa. Hatuchangishani hela. Siku ya kwanza mwanangu aling'ang'ania gauni langu mpaka tunaondoka. Wiki ya tatu nilimwona anamjazia mwenzake mchanga kwenye kopo, anamwambia, "Chai hii, kunywa." Machozi yalinitoka.

Desemba 2021 Serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto hadi miaka 8. Naishukuru. Ila malezi yanafanyika mtaani, kwa hiyo nawaomba wenyeviti wa serikali za mitaa watuachie viwanja vya ofisi zao kwa saa mbili tu kila Jumamosi. Kina baba nanyi mje. Mmoja aliyekuja kwetu ndiye aliyetufungia bembea ya tairi, na watoto wanaigombania mpaka leo.

Mama mzazi,
Mbagala, Dar es Salaam