Risala ya Wakazi wa Umoja kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Chifu wetu, wazee wa Nyumba Kumi, viongozi wa dini, walimu, wazazi wenzetu, vijana, mabibi na mabwana, hamjambo.

Kwa niaba ya kikundi chetu cha akina mama na vijana wa hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, tunakukaribisha kwa mikono miwili katika maadhimisho ya Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni. Tunajua kwamba siku kama ya leo una mialiko mingi, na kwamba jiji hili, ambalo ndilo makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa kule Gigiri, lina kumbi kubwa kuliko uwanja wetu huu. Umechagua kuja kwetu, nasi tunakushukuru sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumeamua kwamba risala ya leo isiguse kila kitu. Tunataka kukueleza habari za jikoni. Tunaamini kwamba kazi kubwa kuliko zote ambayo familia ya Nairobi inaweza kuifanya kwa ajili ya mazingira, bila kungoja mradi wala mfadhili, ni kutenga taka za chakula na taka kavu kabla hazijavuka kizingiti cha mlango, kisha kuangalia kwa makini moto tunaopikia.

Inakadiriwa kwamba Nairobi huzalisha zaidi ya tani 2,000 za taka kila siku, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni mabaki ya chakula na vitu vingine vinavyooza. Sehemu kubwa ya taka zinazokusanywa huishia katika jaa la Dandora, ambalo ni jirani yetu. Jaa hilo lilianza kutumiwa katika miaka ya 1970 na likatangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001, lakini malori yanaendelea kupanda juu yake hadi leo. Chakula kinapofukiwa huko chini ya marundo ya plastiki na nguo, huoza pasipo hewa, na bakteria wanaofanya kazi pasipo hewa hutoa gesi ya methani. Katika kipindi cha miaka 20, methani huongeza joto la dunia zaidi ya mara 80 ikilinganishwa na hewaukaa (kaboni dioksidi) ya uzito uleule. Ganda la ndizi tulilolitupa bila kufikiri linaingia katika hesabu hiyo.

Madhara mengine ya jaa hayangoji kupimwa na wataalamu wa hali ya hewa. Utafiti ulioagizwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa na kutangazwa mwaka wa 2007 uliwapima watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa la Dandora, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kinachozidi kile kilichokubaliwa kimataifa. Watoto hao ni majirani wa watoto wetu. Kwa hiyo tunapozungumzia ndoo mbili jikoni, moja ya taka za chakula na moja ya taka kavu, hatuzungumzii usafi wa nyumba zetu peke yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utaratibu wetu ni huu. Kila nyumba ya mwanachama ina ndoo mbili. Ndoo ya kwanza hupokea maganda ya viazi, ndizi na maembe, mashina ya sukuma wiki, majani ya chai na maganda ya mayai. Ya pili hupokea karatasi, chupa, mikebe na plastiki, vyote vikiwa vimesuuzwa na kukauka, kwa maana chupa kavu ina mnunuzi na chupa iliyopakwa mchuzi haina. Nepi zilizotumika hufungwa peke yake. Wembe na vioo vilivyovunjika huviringishwa katika gazeti na kutiwa ndani ya mkebe wenye kifuniko, kwa sababu mbele ya safari yupo binadamu atakayetia mkono humo akitafuta riziki yake. Jambo hili tunalisisitiza sana kwa watoto. Wachambuaji wa taka wa jiji hili wanafanya kazi ambayo sisi wenye nyumba tulipaswa kuwa tumeifanya tayari, na wengi wao wanaifanya bila glavu wala buti.

Wengi wetu tunaishi katika nyumba za ghorofa zisizo na hata shubiri moja ya udongo, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa. Tumejifunza kwamba ndoo kuukuu ya rangi ya lita 20, iliyotobolewa matundu pembeni na chini kisha ikakalishwa juu ya beseni kwenye roshani, inatosha kutengeneza mboji, yaani mbolea ya mabaki yaliyooza. Kila tabaka la taka mbichi hufunikwa kwa tabaka nene la kitu kikavu, yaani majani makavu, maranda kutoka kwa seremala, au trei za mayai zilizochanwa vipande vidogo. Nyama, mifupa na mafuta hatuvitii, kwa kuwa huvutia panya. Mboji ikianza kunuka, maana yake imelowa mno na hewa haipiti, kwa hiyo tunaongeza kitu kikavu na kuigeuza. Ikikaa bila kubadilika, imekauka, nasi tunainyunyizia maji yaliyooshea mboga. Baada ya miezi miwili hadi mitatu huwa nyeusi, nyepesi, yenye harufu ya udongo wa msituni. Kwa kuwa imeoza mahali penye hewa, methani inayotoka humo ni kidogo mno ukilinganisha na ile ya jaani.

Mboji hiyo huenda katika bustani za magunia. Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na mboji, katikati pakaachwa nguzo ya kokoto ya kupitishia maji hadi chini, na miche ikapandwa juu na katika matundu ya ubavuni. Hivyo ndivyo familia zetu zinavyopata managu, terere, dania na sukuma wiki, na maji ya kusuuzia mboga ndiyo yanayonyweshea. Wanaozidiwa na taka mbichi huwapa wafugaji wa nguruwe na kuku. Siku hizi pia wapo wanaofuga funza wa nzi weusi kwa mabaki ya chakula ili kupata lishe ya kuku na samaki, na baadhi ya vijana wetu wana hamu kubwa ya kuijifunza kazi hiyo.

Hata hivyo, mboji bora haiwezi kuwa kisingizio cha kutupa chakula. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka wa 2024 ilieleza kwamba mwaka wa 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya chakula hicho kilitupwa na familia majumbani. Wengi hudhani kwamba upotevu huo ni wa nchi tajiri tu, lakini ripoti hiyo ilionyesha kwamba chakula kinachotupwa nyumbani kwa kila mtu hakitofautiani sana baina ya nchi tajiri na nchi za kipato cha kati. Mama anayenunua sukuma wiki ya siku mbili badala ya ya wiki nzima, akaweka nyanya mahali penye kivuli na hewa, akapima unga kulingana na watu waliopo, na ugali uliobaki akaupasha asubuhi ukaliwa kwa chai, anaokoa pamoja na chakula hicho maji ya mkulima, mbolea yake, na dizeli ya lori lililokileta soko la Marikiti usiku.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaomba tuzungumze juu ya moto. Makaa yanayouzwa katika vichochoro vyetu hutoka mbali, katika kaunti kame kama Kitui, Kajiado na Narok, ambako mti huchukua miaka mingi kukua. Katika tanuri la kienyeji la udongo, sehemu kubwa ya mti hupotea kwa moshi, hata kilo 100 za kuni huweza kutoa kilo 20 tu za makaa au chini ya hapo. Tumeiona gharama yake. Kuanzia mwishoni mwa mwaka wa 2020, misimu mitano ya mvua ilifuatana ikikosekana kaskazini na mashariki mwa nchi, na mifugo wakafa kwa mamilioni. Kisha mvua za Aprili na Mei 2024 zikaja kwa nguvu, zikazisomba nyumba za wenzetu wa Mathare na Mukuru, na watu wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba jiko la mtu mmoja ndilo lililoleta ukame au mafuriko, na tunajua kwamba nchi yetu hutoa sehemu ndogo mno ya gesi zinazoongeza joto duniani. Tunasema kwamba ardhi iliyovuliwa miti huumia zaidi jua linapozidi na mvua inapozidi, na kwamba mtaro uliozibwa kwa taka hauna pa kupeleka maji.

Ndiyo maana tunawahimiza wanachama waloweke maharagwe na mahindi ya githeri usiku kucha, wafunike sufuria, na watumie jiko lenye kauri ndani, aina iliyoanza kuenea Kenya katika miaka ya 1980 na ambayo hutumia makaa machache kuliko jiko la bati tupu. Baadhi ya akina mama wameshona kapu la kuhifadhi joto, lililojazwa vitambaa vya mitumba visivyovalika tena. Maharagwe huchemshwa kwa muda, sufuria ikafungiwa ndani ya kapu, na yakaendelea kuiva pasipo moto wowote huku mama akiendelea na kazi zake. Tunarudia pia onyo ambalo halichoshi kurudiwa, kwamba jiko la makaa lisilazwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu gesi yake haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Kuhusu stima, tuna maoni ambayo huenda yakamshangaza mtu. Watoto wetu hufundishwa kuzima balbu ili kuokoa dunia, nasi tunawaunga mkono, maana tokeni za stima zina bei. Lakini takriban tisa kwa kumi ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua. Kwa familia yenye stima, faida kubwa zaidi kwa hewa ya nchi ingekuwa kuyahamisha maharagwe kutoka kwenye makaa na kuyapikia katika sufuria ya presha ya umeme, ambayo hutumia umeme kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kikwazo ni bei ya kununua chombo chenyewe, na chama chetu cha kuweka akiba kimeanza kuwakopesha wanachama wanaokitaka.

Kuhusu plastiki, tunaikumbuka tarehe 28 Agosti 2017, siku ambayo marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kutekelezwa. Wengi walisema haitawezekana, na leo watoto waliozaliwa baada ya hapo hawajui kubebewa mkate katika mfuko wa aina hiyo. Kiondo na kikapu vimerudi sokoni. Kilichobaki ni chupa, vifungashio vya vitafunio, na tabia mbaya ya kuchoma taka nyuma ya nyumba jioni. Moshi wa plastiki una sumu, na wa kwanza kuuvuta ni mtoto anayelala dirisha la pili. Kikundi chetu kimekubaliana kwamba mwanachama hachomi taka kwa hali yoyote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pamoja na juhudi hizo, tuna maombi. La kwanza ndilo linalotuuma zaidi. Familia hutenga taka wiki nzima kwa uangalifu, kisha gari la kuzoa likifika, magunia yote hurushwa pamoja na kuchanganyika mbele ya macho ya watoto tuliowafundisha. Hakuna somo linaloweza kustahimili jambo hilo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza, na inazitaka serikali za kaunti kuweka vituo vya kukusanyia na kurejelezea taka. Tunakuomba utusaidie kuhakikisha kwamba kila anayepewa leseni ya kuzoa taka katika mtaa huu ana siku yake ya taka mbichi na siku yake ya taka kavu, na kwamba leseni hiyo inategemea utaratibu huo kufuatwa.

Ombi la pili ni kipande cha ardhi ya umma, hata kidogo, karibu na soko la Mutindwa, ili mabaki ya mboga ya soko yageuzwe mboji papo hapo badala ya kupakiwa lori. Vijana wako tayari kuifanya kazi hiyo, na mboji itauzwa kwa wakulima wa viunga vya jiji. Ombi la tatu ni glavu, buti na chanjo ya pepopunda kwa wachambuaji wa taka wanaotuhudumia. Wao pia wamo katika Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka wa 2010, kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya.

Baada ya risala hii tunakuomba uandamane nasi hadi upande ule wa uwanja, ambako akina mama wamepanga ndoo za mboji za hatua mbalimbali, magunia ya mboga na makapu ya kuhifadhi joto, na vijana wako tayari kujibu maswali. Mwenyekiti wetu atakukabidhi nakala ya risala pamoja na maombi yetu kwa maandishi. Sasa tunakukaribisha kwa heshima uzungumze nasi.

Ahsante sana.

Risala hii imesomwa na Katibu wa kikundi kwa niaba ya wanachama wote.