Barua kwa sahibu: mtu wa Presteigne

Cardiff, Jumapili jioni

Sahibu yangu,

Salamu sana, na mama watoto umfikishie zake. Barua yako nimeipata. Hapo uliposema umelisukuma bao uvunguni kwa kuwa umefika miaka 46 na vijana wa barazani wanakufunga kila siku, nilihuzunika kweli. Nikamkumbuka Robert Weale, mtu wa huku Wales, nikaona lazima nikusimulie habari zake.

Kwao ni Presteigne, kamji kadogo kabisa mpakani na England. Mchezo wake ni ule wa kuviringisha matufe kwenye nyasi zilizokatwa mpaka zikawa kama zulia. Kunatangulizwa kipira cheupe, kisha kila mmoja anajitahidi tufe lake lilale karibu nacho kumpita mwenzake. Usidhani ni rahisi. Jirani na ninapokaa pana uwanja, na mzee mmoja aliniachia nijaribu. Tufe ni zito, linajaza kiganja, na halikuchongwa sawa pande zote. Upande mmoja una alama ndogo. Linaanza kwa kwenda moja kwa moja, ila kasi ikipungua linapinda kufuata alama ile. Nililishika kinyume, likakata kona likawaingilia watu wengine mchezo wao! Ukijua kulicheza hulengi kipira chenyewe. Unalenga patupu, pembeni, ukiamini litarudi.

Weale alizaliwa 1963. Mwaka 1986, akiwa kijana wa miaka 23, alitwaa dhahabu ya timu ya watu wanne kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh. Ndiyo michezo ile Tanzania na Kenya zilisusia, jumla nchi 32, kwa sababu serikali ya Uingereza chini ya Thatcher ilikataa kuwawekea vikwazo makaburu wa Afrika Kusini.

Baada ya hapo alirudi tena na tena. Medali alipata, dhahabu ikamkwepa. Na michezo hiyo, unajua, huja mara moja kila miaka minne. Ukikosa leo, ukae usubiri. Ikafika Delhi, Oktoba 2010. Ana miaka 47, anacheza peke yake, matufe manne mkononi na hana mwenza wa kumsitiri akikosea. Fainali akamkuta Leif Selby wa Australia, akamshinda. Kutoka dhahabu ile ya Edinburgh hadi hii, miaka 24!

Mimi hunigusa zaidi ile miaka ya katikati isiyosimuliwa na mtu. Anarudi Presteigne bila dhahabu, baridi inapita, nyasi zinaota upya, naye anainama tena na tufe lake.

Bao lile uliachiwa na babu. Usiliache liliwe na mchwa. Litoe, ulifute vumbi, uhesabu kete kama zimetimia, kisha uniandikie umecheza na nani.

Ni mimi nduguyo.