Basi lilinipita Malindi

Mhariri, salaam aleikum. Mimi ni mkaazi wa Lamu na hili jambo nimekaa nalo tangu Januari 2, 2020, leo naona nilitoe. Siku hiyo nilikuwa Malindi narudi nyumbani, tiketi ninayo mfukoni, lakini shangazi akaning'ang'ania eti ningoje mkate wa sinia uive nimpelekee mamangu, kufika stendi nakuta gari ishaondoka. Nilimkasirikia yule mama wa watu wallahi! Nikakaa pale kwa benchi, mkate bado wa moto wanichoma mapaja kupitia gazeti nilolifungia, baadaye simu zikaanza kulia kila mtu na yake, lile basi lililonipita limemiminiwa risasi Nyongoro, njiani kuja Lamu, kuna maiti. Tukasikia watatu.

Watu huniambia una bahati wewe. Mimi naogopa hata kuuliza kile kiti changu alikikalia nani.

Sasa mhariri, tangu shambulio la Mpeketoni, huku kwetu Lamu, 2014 walipouawa watu zaidi ya 60, barabara hii ya Garsen mpaka Mokowe twapita mara nyingi kwa eskoti ya polisi, hilo twashukuru, lakini abiria haambiwi kitu. Ukimuuliza kondakta leo eskoti ipo au haipo wajibiwa "kaa kitini mzee, twachelewa". Tuambiwe kabla ya kukata tiketi basi, mwenye kughairi safari aghairi na nauli yake arudishiwe, si kuzungushwa mpaka mtu achoke.

Abiria, Lamu