Mshahara wako wa kwanza

Mwariki, Nakuru

Mwanangu Akinyi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi tu wazima, ila magoti ya baba yako yanamsumbua tangu mvua ianze. Pesa ulizotuma zimefika. Unasema ungependa sehemu ya mshahara wako wa kwanza iwafae askari wanaolinda vifaru, labda kwa kununua fulana za matembezi ya hisani, kwa heshima ya kazi aliyoifanya baba yako. Niliposoma nililia kidogo.

Wewe ulikuwa mdogo. Unachokumbuka ni mbalamwezi, mlivyokuwa mkicheza nje hadi mnaitwa mara tatu. Mimi niliuchukia mwezi mpevu. Jangili huupenda usiku wa namna hiyo kwa kuwa hahitaji tochi, basi doria huongezwa, na baba yako hakulala nyumbani. Nilijua yuko ng'ambo ya ule ua wa mbuga, labda kilomita chache tu kutoka kitandani pangu, lakini kama ningesikia mlio wa bunduki nisingejua ni ya nani. Asubuhi alirudi buti zimelowa chapachapa. Alivua soksi, miguu imekuwa myeupe na kukunjamana kama ya mtu aliyeshinda mtoni, akanywa uji bila neno, akalala.

Siku moja ulimuuliza kwa nini ajitese hivyo kwa ajili ya mnyama. Hakukujibu, alikuwa amechoka. Nikujibu mimi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nchi hii ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 hawakufika 400. Waliuawa kwa ajili ya vipusa, yaani pembe zao, vikachongwe mipini ya majambia huko Yemen au visagwe dawa huko Asia, ilhali kipusa kimeumbwa kwa kitu kilekile kilichoumba kucha zako. Ndipo mbuga yetu ya Ziwa Nakuru ikafanywa hifadhi ya vifaru, mwaka 1987, ikiwa imezungushiwa ua wa umeme. Leo Kenya ina vifaru weusi zaidi ya 1,000. Kifaru hubeba mimba miezi 15 hivi, kisha hukaa miaka miwili, mitatu, hata zaidi, kabla ya kuzaa tena. Sasa piga hesabu, mama. Kwa kila ndama aliyeongezeka pana mtu aliyekesha.

Baba yako aliwatambua kwa masikio. Kifaru hukatwa alama ndogo sikioni, kila mmoja na mikato yake, ili askari akimwona kwa darubini aandike ni nani, yuko wapi na ameandamana na nani. Siku zikipita fulani hajaonekana, hutafutwa mpaka apatikane. Alikuwa akinisimulia habari za jike fulani na ndama wake kama mtu anayenipa habari za jirani.

Kisha akahamishiwa mbuga ya Ruma, kule bonde la Lambwe kwenye mbung'o, vifaru walipopelekwa huko mwaka 2012. Ndio mwaka ambao wewe ulilazwa kwa malaria. Mtandao haukushika porini, baba yako akapata habari siku ya tatu. Aliyekesha nawe hospitalini, nami nikiwa na mdogo wako mgongoni, ni mke wa askari mwenzake. Dawa alilipa yeye, na hakunidai. Baba yako aliporudi aliniambia kwamba porini mtu hafai kuwa na mawazo ya nyumbani, kwa sababu ukiwaza homa ya mtoto hutamwona nyati kichakani. Mume wa mama yule aliuawa na nyati miaka miwili baadaye, akiwa doria.

Kwa hiyo nikiulizwa mimi, pesa zako zisiende kwenye fulana za matembezi ya hisani. Matembezi si mabaya, watu huko hufundishwa mengi, lakini kitindamimba wa mama yule yuko kidato cha tatu na karo ya muhula huu haijakamilika. Ukikubali nitaipeleka shuleni mwenyewe, nikuletee risiti. Vijana wanaolinda sasa wanajua kinachowapata wajane wa wenzao, hulizungumza wakiwa doria, na anayejua kwamba wanawe hawataachwa hushika zamu yake kwa moyo mwingine. Zitakazobaki nunua soksi nene za pamba huko Kisumu, kubwa, jozi kumi hivi. Baba yako anamjua wa kuwapelekea.

Lipo lingine, nami nimelichelewesha kwa kuwa linaniuma. Ile picha ya kifaru uliyopiga Desemba tulipoingia mbugani, umeiweka mtandaoni pamoja na saa na mahali penyewe, hadi jina la barabara. Najua uliiweka kwa kujivunia. Lakini jangili naye ana simu, na mahali kifaru anapopenda kunywa maji ni habari inayonunuliwa. Askari anatembea usiku kucha kumficha, nawe umemwonyesha mchana. Ifute leo hii, na wenzako walioisambaza uwaombe wafute.

Baba yako hajaiona bado. Sikio la kushoto limeonekana vizuri sana, mwanangu. Atamjua.

Mama yako