Kwa nini mtego wetu wa paka unazidi bei ya wa fundi

Mtego wetu ni wa kunasa paka wa mtaani ili wapelekwe kuhasiwa. Lalamiko ni lile lile: "Bei yenu mara mbili ya fundi wa kuchomelea, na vyote ni vyuma tu." Haya, chukueni futi mpime.

Mitego ya bei rahisi inayoletwa hapa kurekebishwa mingi ina urefu wa sentimita 50 au 60. Huo ni wa panya buku. Paka shume akinyoosha shingo kufikia chambo, makalio bado yako mlangoni. Mlango humwangukia kiunoni, anarudi kinyumenyume, huyoo! Baada ya hapo hasogelei kizimba hata umwekee changu mzima. Itabidi ukodi mtego wa kuangusha, ule wa kuvuta kamba umwangukie paka, na mtu akeshe ameishika. Pesa uliyookoa imerudi kukudai riba.

Wetu ni sentimita 90 kwa urefu, upana 28, kimo 33. Kibao cha kukanyaga, kinachoangusha mlango, kiko robo ya mwisho, mkia ukiwa umeshaingia. Matundu ya wavu ni madogo. Yakiwa makubwa paka huchota chambo kutoka nje, na akinaswa hujiumiza meno na kucha. Mlango unajifunga kwa komeo. Ule unaotegemea uzito wa bati hufunguka kizimba kikipinduka, na paka akihangaika hukipindua kweli. Nyuma kuna mlango wa kutelezesha, wa kumhamishia paka kwenye kizimba cha daktari wa mifugo bila mtu kutia mkono.

Wanaosema "mtego haunasi" wengi huutega usiku wa kwanza. Fungia mlango kwa waya ubaki wazi, walishe humo siku tatu au nne, kisha nyima chakula siku nzima. Mwambie na jirani anayemwaga matumbo ya samaki, maana paka aliyeshiba hana haja nawe. Tandika gazeti sakafuni. Kijiko kimoja cha jodari wa kopo, nyuma ya kibao, kinatosha. Ukijaza sahani umewaandalia sisimizi karamu.

Usitege ukaenda kulala. Akinaswa, funika kizimba kizima kwa shuka, atatulia. Hapa Mombasa usimwache juani hata kidogo. Jike mwenye chuchu zilizovimba, manyoya yamenyonyoka pembeni, ananyonyesha: mwachie, utafute watoto kwanza. Mwenye ncha ya sikio iliyokatwa sawasawa kwa kawaida ameshahasiwa, naye mwachie. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa.

Anayetaka kukodi ili akawatupe paka ng'ambo ya Likoni, hatumpi. Jalala likibaki pale pale, wengine watahamia.